Barua ya wazi: Makapi na mabua yetu yana wenyewe, hata yakigeuzwa mafuta ya ndege

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Nishati, Kilimo na Usafiri wa Anga, Jamhuri ya Kenya,
na kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti za ukanda wa miwa na mahindi, magharibi mwa Kenya.

YAH: MABAKI YA MIMEA YANAYOTAFUTWA KWA AJILI YA KUTENGENEZA MAFUTA YA NDEGE

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima zote nikiwa mkulima wa miwa na mahindi katika Kaunti ya Kakamega, na katibu wa kikundi cha wakulima wenzangu. Ningependelea mambo haya tuyazungumze mezani, na kwa kweli ndivyo tulivyoanza. Tulipeleka barua kwa mkono, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tungoje. Tulipofuatilia tukaelekezwa ofisi nyingine, nayo ikaturudisha tulikotoka. Ofisi hizo sizitaji hapa, kwa kuwa sina nia ya kumwaibisha mtumishi yeyote wa umma. Naandika hadharani kwa sababu wanaoyataka mabaki ya mashamba yetu wanakwenda mbio kuliko wanaopaswa kutulinda, na mikataba ikishatiwa saini, anayeumia ni yule ambaye hakuisoma.

Niseme mapema kwamba hatupingi ndege kutumia mafuta yanayotokana na mimea. Sababu zake tunazielewa. Gari linaweza kwenda kwa betri, lakini ndege ya safari ndefu haiwezi kubeba betri za kuifikisha Ulaya, kwa hiyo mashirika ya ndege yanalazimika kutafuta mafuta yatakayoingia katika injini zilezile na kupunguza kaboni inayoongezwa angani. Tangu mwaka 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wa mafuta katika viwanja vyake wachanganye angalau asilimia 2 ya mafuta hayo, yanayoitwa mafuta endelevu. Kiwango hicho kitapanda hadi asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na asilimia 2 mwaka 2025 na inalenga asilimia 10 mwaka 2030. Kenya imejiunga kwa hiari na mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga wa kufidia ongezeko la gesi joto, unaojulikana kama CORSIA, na mwezi Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya aina hiyo.

Jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja ni kwamba sheria hiyo ya Ulaya haiyahesabu mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mazao ya chakula. Inayakubali yale ya makapi ya miwa (nyuzi zinazobaki miwa ikishakamuliwa), mabua, magunzi yaliyopukuchuliwa na maganda ya nafaka. Mafuta yaliyokwisha kukaangia na shahamu za wanyama, ambayo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya mafuta endelevu ya leo, hayatoshi: mwaka 2024 dunia nzima ilizalisha takribani tani milioni 1 tu ya mafuta endelevu, sawa na asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Ndiyo maana macho ya wafanyabiashara yamehamia kwenye lundo lililo nyuma ya kiwanda cha sukari na kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Na ndiyo maana mawakala wamefika vijijini kwetu kabla ya sera kufika. Naomba sasa niyataje yanayotusumbua.

1. Mwenye makapi ni nani?

Mkulima wa miwa hulipwa kwa tani. Miwa ikivuka mizani ya kiwanda, kinachotoka humo ni sukari, molasi, makapi na matope ya kichujio, na kila kimojawapo kina mnunuzi wake. Katika kila tani 100 za miwa, takribani tani 30 ni makapi, nusu yake ikiwa maji. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa sababu makapi yalichomwa kwenye boila za kiwanda ili kupata mvuke, na yaliyozidi yakarundikwa nje. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009, mtambo wa Mumias ulipoanza kuuza megawati 26 za umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa. Siku hiyo ilidhihirika kwamba kilichoitwa uchafu kilikuwa bidhaa, lakini fomula ya bei ya miwa iliendelea kutazama uzito wa miwa na bei ya sukari.

Sasa bidhaa hiyohiyo inatajwa kuwa malighafi ya mafuta ambayo bei yake sokoni ni mara mbili hadi tano ya mafuta ya kawaida ya ndege. Nimejaribu kupiga hesabu, nanyi mnaweza kuwapa wataalamu wenu waikague. Ndege ya aina ya Boeing 787-8 hutumia takribani tani 40 za mafuta kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Kanuni za kimataifa za ubora zinaruhusu mafuta ya mabaki ya mimea yachanganywe hadi nusu kwa nusu na mafuta ya kawaida, yaani tani 20. Tukichukulia kwamba tani 6 za makapi makavu zitatoa tani 1 ya mafuta, safari hiyo moja itahitaji tani 120 za makapi makavu, au 240 yakiwa na maji yake, na hayo ni makapi ya tani 800 za miwa. Kwa mavuno ya kawaida ya huku kwetu, ni takribani ekari 33 zilizokaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, kwa safari moja ya kwenda bila kurudi. Ninayasema haya ili ieleweke kwamba anayetaka mafuta hayo kwa wingi atahitaji karibu makapi yote ya ukanda huu, na bei atakayoyanunulia itaamua nani atajengeka na nani atabaki alipo.

Swali hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2025, viwanda vya serikali vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony (South Nyanza) vilipokodishwa kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Miaka 30 inatufikisha 2055, miaka mitano baada ya tarehe ambayo Ulaya imepanga kuwa na asilimia 70 ya mafuta endelevu. Ikiwa fomula ya bei haitayataja makapi na molasi kwa majina na kuvipa thamani, basi ukuaji wote wa biashara hii utapita juu ya vichwa vyetu katika kipindi hicho chote. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 imeirudisha Bodi ya Sukari na tozo ya kuendeleza sekta. Tunaomba ifanye na hili.

2. Kinachobaki shambani hakikubaki bure

Wageni wanaokuja na malori husema kwamba mabua ya mahindi yanaoza tu, na kwamba wanatusaidia kusafisha shamba. Anayesema hivyo hajapitisha kiangazi cha Januari hadi Machi akiwa na ng'ombe wa maziwa. Katika miezi hiyo mabua yaliyokatwakatwa ndiyo lishe, na yasiyoliwa huingia zizini, yakachanganyika na kinyesi na mkojo, yakarudi shambani kama samadi. Magunzi hupikia chakula nyumba kwa nyumba, na kila gunia la magunzi lililochukuliwa hulipiwa kwa kuni au makaa kutoka mahali pengine. Majani makavu ya miwa yakiachwa kati ya mistari huzuia magugu na kuhifadhi unyevu. Yapo kweli mashamba ambako majani hayo huchomwa moto ili kurahisisha kazi, na huko mnunuzi angekaribishwa kwa mikono miwili. Lakini shamba la jirani yangu si shamba langu, na sera haiwezi kuandikwa kana kwamba wote tunachoma.

Kuna na udongo wenyewe. Udongo wa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya una asidi na umechoka. Ndiyo sababu serikali hutumia fedha nyingi kutupunguzia bei ya mbolea. Mabua yamebeba sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mmea uliivuta kutoka ardhini, na pia kaboni inayoufanya udongo ushike maji. Kuyaondoa yote mwaka baada ya mwaka, kisha kumuuzia mkulima mbolea ya kujaza pengo, ni kumtoza mara mbili. Tena ni kuiharibu hoja ya mafuta yenyewe. Chini ya CORSIA, mafuta ya ndege ya kawaida huhesabiwa gramu 89 za gesi joto kwa kila megajuli ya nishati, na mafuta ya mabaki ya kilimo yaliyotengenezwa kwa njia ya gesi, nitakayoieleza baadaye, huhesabiwa gramu 7.7 tu. Tofauti hiyo nzuri hutokana kwa kiasi kikubwa na dhana kwamba mabaki hayakuwa na kazi nyingine na kwamba kuyaondoa hakukuudhuru udongo. Dhana hiyo ikiwa si kweli katika Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia, basi tarakimu iliyoandikwa kwenye cheti haitakuwa kweli pia, hata kama karatasi zote zimegongwa mihuri.

Hatuombi mabua yasiguswe. Tunaomba kijulikane kiasi gani kinaweza kutolewa kwa ekari, katika udongo upi, kwa mkulima mwenye mifugo na kwa asiye nayo. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina wataalamu wa udongo, na lina taasisi yake ya miwa Kibos. Kazi hii wanaiweza wakipewa fedha na muda.

3. Mizani, karatasi na kitambulisho

Hili limetupata sisi wenyewe. Kampuni moja, ambayo jina lake nimelikabidhi kwa ofisi husika na sitaliandika hapa, ilituma mawakala kukusanya magunzi na mabua kwa kile walichokiita majaribio. Waliahidi kulipa kwa kilo ya mzigo mkavu. Mizani ilikuwa yao, kipimo cha unyevu kilikuwa chao, na hesabu ya kiasi gani kilikatwa kwa ajili ya maji ilifanyika mahali ambapo hakuna mkulima aliyekuwepo. Waliolipwa walilipwa pungufu ya walichotarajia. Wengine wanangoja hadi leo. Kila aliyetoa mzigo alitia saini fomu ya Kiingereza na kuacha nakala ya kitambulisho, na hakuna aliyeachiwa nakala ya alichokitia saini.

Baadaye tulikuja kuelewa fomu hizo zilikuwa za nini. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuyahesabu mafuta kuwa endelevu mpaka aonyeshe yalikoanzia, na mlolongo huo wa vyeti huanza na tamko la mwenye shamba au kiwanda kwamba mzigo huu ni mabaki na si zao, na kwamba shamba halikufyekwa msituni. Kwa maneno mengine, saini ya mama mwenye ekari moja na nusu ndiyo nguzo ya kwanza ya biashara yote, na bila hiyo tani ile ya mafuta haina bei yake ya juu. Kitu chenye uzito huo hakifai kukusanywa kwenye boneti ya gari, kwa lugha ambayo mtiaji saini haisomi vizuri.

4. Nani atajihesabia kaboni iliyopunguzwa?

Hapa nitakuwa mfupi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya kaboni inayotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, lakini masharti hayo yameandikwa kwa ajili ya ardhi ya umma na ya jamii. Mashamba yetu ni ya watu binafsi, tena madogo, na upunguzaji wa gesi joto utaandikwa kwenye vitabu vya shirika la ndege litakalonunua mafuta. Tunauliza kama kuna yeyote serikalini aliyefikiria nafasi ya mkulima katika mpangilio huo, na kama Kenya yenyewe itaweza kuyahesabu matokeo ya mabua yake au itakuwa imeyauza.

5. Kiwanda kitajengwa wapi, na kwa ufundi upi?

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Tangu mwaka 2022 mafuta ya mbegu, zikiwemo za mbarika, yaliyokamuliwa Makueni yamekuwa yakisafirishwa hadi Gela, Sicily, nchini Italia, ili yasafishwe huko. Mafuta ya mbegu ni rahisi kuyapakia melini. Mabua si hivyo: ni mepesi, yanajaza lori kabla ya kufikisha uzito wake, na gharama ya kuyabeba huila faida yote baada ya makumi machache ya kilomita. Kwa mara moja, basi, umbali unatupendelea sisi, kwa kuwa hatua ya kwanza ya kuyachakata lazima ifanyike karibu na shamba. Faida hiyo itapotea tu ikiwa vibali vitaruhusu yashindiliwe kuwa vipande au yageuzwe spiriti ghafi hapa, kisha kazi yenye thamani ikafanywe kwingine.

Kuhusu ufundi, njia zipo mbili kuu. Ya kwanza ni kuyapasha mabaki moto mkali katika hewa haba mpaka yageuke gesi, kisha gesi hiyo kuunganishwa upya kuwa mafuta kwa njia iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1920; Afrika Kusini imeitumia kwa makaa ya mawe kwa miongo mingi, na mafuta yake yameruka kutoka Johannesburg tangu mwaka 1999. Ya pili ni kuvunja nyuzi za mmea kuwa sukari, sukari kuwa spiriti, na spiriti kuwa mafuta ya ndege. Kwamba inawezekana si hoja tena: tarehe 14 Novemba 2016 ndege ya Alaska Airlines iliruka kutoka Seattle hadi Washington, mji mkuu wa Marekani, ikiwa na asilimia 20 ya mafuta yaliyotokana na mabaki ya misitu.

Lakini kuwezekana mara moja na kudumu kibiashara ni mambo mawili tofauti. Huko Nevada, Marekani, kiwanda kilichojengwa kugeuza taka za majumbani kuwa mafuta kilianza kazi mwaka 2022, kikafungwa mwaka 2024, na kampuni yake ikafilisika mwaka huohuo. Kile cha Lakeview, Oregon, kilichokusudiwa kutumia mabaki ya misitu, kilikwama kabla ya kukamilika. Ikiwa wenye mitaji mikubwa na mahakama za kasi wameanguka, mkulima wa Malava asiambiwe kwamba hakuna hatari. Aambiwe atalipwa na nani kampuni ikifa ikiwa na mzigo wake uwanjani.

6. Tumekwisha kupitia njia hii

Waheshimiwa, miaka ya 2000 mbono (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta, ulisifiwa kuwa dhahabu ya kijani. Wakulima waliupanda, mbegu zikawa haba, wanunuzi wakatoweka. Mwaka 2009 utafiti uliowahusisha wataalamu wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, na wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto ulionyesha kwamba mazao yalikuwa duni kiasi kwamba haukufaa kuendelezwa kwa wakulima wadogo isipokuwa kama ua wa boma. Karibu na Malindi, msitu wa Dakatcha uliponea kufyekwa kwa ajili ya mbono kwa sababu watu walipiga kelele. Ng'ambo ya mpaka, Kisarawe, Tanzania, vijiji vilitoa ardhi kwa shamba kubwa la mbono ambalo mwenyewe alisimamisha kazi mwaka 2011. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, petroli iliyouzwa Nairobi ilichanganywa na spiriti ya molasi ya Muhoroni, na mpango huo ukafa mapema miaka ya 1990. Kwa hiyo tunapouliza maswali magumu, tafadhali msituone kuwa wachelewesha maendeleo. Tuna kumbukumbu.

Sasa niseme kuhusu majibu ambayo huenda tukapewa, kwa maana mengine tumekwisha kuyasikia kwenye vyumba vya kungojea.

Tutaambiwa kwamba masharti yatawafukuza wawekezaji. Mwekezaji wa mafuta ya ndege anauza kwa wanunuzi wanaodai ushahidi wa kila hatua. Mlolongo ulio safi unampunguzia hatari, na anayekimbia mizani iliyokaguliwa hatufai. Tutaambiwa pia kwamba mikataba ni siri za kibiashara. Bei ya kilo ya mabua na kiasi kinachoruhusiwa kutolewa kwa ekari si siri ya mtu, na Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wengine watasema hii ni biashara huria kati ya muuzaji na mnunuzi, serikali isiingie. Serikali ilikwisha kuingia ilipokodisha viwanda.

Jibu moja linastahili kusikilizwa zaidi, nalo ni kwamba nchi ina mimea mingine isiyo na kazi. Ni kweli. Gugu maji la Ziwa Viktoria hutajwa kila mara, ingawa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji na kulisafirisha ni sawa na kulibeba ziwa kwa lori. Mti wa mathenge ni habari nyingine. Umevamia malisho ya Baringo, Turkana na Garissa, na mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walimpeleka mbuzi aliyeng'oka meno hadi mahakamani Nairobi kuonyesha maganda ya mti huo yalivyowaharibia mifugo. Si wengi watakaoulilia mti huo ukikatwa, na mbao zake ni kavu na nzito. Kama kuna mahali pa kufanya majaribio bila kumnyang'anya mtu lishe ya ng'ombe wake, ni huko, kwa makubaliano na wenyeji, na kwa tahadhari kwamba biashara ikinoga asije mtu akaanza kuupanda.

Tunachoomba, basi, ni hiki. Kwa Waziri wa Kilimo: fomula ya bei ya miwa iyahesabu makapi na molasi, na masharti ya ukodishaji wa viwanda kuhusu bidhaa hizo yawekwe wazi, na KALRO itoe viwango vya mabaki yanayoweza kutolewa kwa kila aina ya udongo kabla ya kibali chochote cha ukusanyaji mkubwa. Kwa Waziri wa Nishati: kibali cha kugeuza mabaki kuwa mafuta kitolewe kwa sharti kwamba uchakataji ufanyike nchini kwa kiwango kitakachotajwa, na kwamba mwekezaji aweke dhamana benki ya kuwalipa wakulima iwapo kazi itasimama. Kwa Waziri mwenye dhamana ya anga: mkulima awe na kiti katika kila kamati inayopanga mafuta endelevu, kwa sababu hadi sasa tunasikia matokeo ya vikao kupitia redio. Kwa Magavana: wakaguzi wa vipimo wafike kwenye vituo vya kukusanyia mabaki kama wanavyofika kwenye mizani za soko, na kila fomu iwe kwa Kiswahili, ikiwa na nakala ya kubaki nyumbani kwa mkulima. Na kwa wote kwa pamoja: ukusanyaji unaoendelea sasa kwa jina la majaribio usimamishwe mpaka waliotoa mzigo walipwe.

Kati ya haya yote, likitekelezwa la fomula ya bei peke yake, mengine mengi yatajipanga. Mkulima anayelipwa kwa makapi yake atakuwa wa kwanza kudai mizani iwe sahihi na udongo usichoke, bila kungoja mkaguzi.

Naomba barua hii ichukuliwe pia kuwa ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Habari tunazoomba ni tatu: orodha ya kampuni zilizopewa kibali au barua ya kuruhusiwa kukusanya mabaki ya mimea katika kaunti zetu, masharti ya vibali hivyo, na vifungu vya mikataba ya ukodishaji wa viwanda vinavyohusu makapi na molasi. Tusipopata jibu katika muda huo tutapeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kama sheria inavyotuelekeza, na tutawashauri wanachama wetu wasitie saini fomu yoyote ya mabaki hadi jibu lipatikane. Tuko tayari kukutana nanyi mahali popote mtakapopanga, Nairobi au huku, na tutakuja na stakabadhi zilizopo pamoja na barua zilizogongwa mihuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa miwa na mahindi, na Katibu wa kikundi cha wakulima,
Kaunti ya Kakamega.

Nakala kwa:
Kamati za Kilimo za Bunge la Taifa na Seneti
Bodi ya Sukari ya Kenya
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya
Wakulima wenzetu wa Bungoma, Busia, Trans Nzoia, Kisumu na Migori